Kitongoji kisichovuka mto hakina wagonjwa? Nani aliulizwa kabla ya akili unde ya afya kuletwa kwetu

Mtunza Daftari (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka apite.

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, bonde la Kilombero, mwaka wa tisa sasa. Napita kaya kwa kaya: mjamzito yupi hajaanza kliniki, mtoto yupi kakosa chanjo, nani anakohoa na wiki mbili zimepita. Vitendea kazi ni kaunta buku moja na pikipiki ya kuazima.

Mwaka jana ulikuja mradi mmoja, jina naliacha maana bado nafanya nao kazi. Tukaitwa semina siku mbili, tukapewa fulana, kila kata ikapata vishkwambi. Ndani yake mna programu ya akili unde (wengine mnaiita akili mnemba, sitaki ugomvi wa majina leo). Kila Jumatatu inakupa orodha ya kaya za kutembelea, kuanzia yenye hatari kubwa kushuka chini. Wazo lenyewe zuri. Kaya zote huwezi kuzimaliza peke yako, ukipata wa kukwambia uanzie wapi unashukuru.

Wiki ya tatu nikashtuka. Kuna kitongoji kiko ng'ambo ya mto. Kwenye orodha kilikuwa mkiani, na si kaya moja wala mbili, kitongoji kizima. Nakijua kile. Nimewahi kumbeba mama mwenye uchungu kwa baiskeli hadi ukingoni, tukasubiri mtumbwi, mtoto akazaliwa palepale mchangani. Leo mashine inaniambia kule kuna usalama kuliko kwa waliojenga nyuma ya zahanati.

Nikamuuliza kijana wa mradi. Mstaarabu sana, akafungua kompyuta akanionyesha: mashine imefundishwa kwa takwimu za MTUHA, zile zinazoandikwa kwenye vitabu vya vituo vya afya. Waliofika zahanati, waliopimwa malaria, waliopewa rufaa. Basi. Sasa masika mto ukijaa watu wa ng'ambo hawavuki. Wasipovuka hawaandikwi, na asiyeandikwa haumwi. Tulipoitisha kikao, bibi mmoja wa kule alisikiliza weee, mwishoni akasema: "Kumbe masika sisi huwa hatuugui." Watu wakacheka. Yule kijana hakucheka, aliandika.

Nilidhani ni mambo ya huku porini tu, kumbe Marekani yaliwakuta hayohayo. Mwaka 2019 Ziad Obermeyer na wenzake walichapisha kwenye jarida la Science uchunguzi wa programu iliyokuwa ikitumika huko kuchagua wagonjwa wa kupewa uangalizi wa ziada. Programu haikuangalia rangi ya mtu hata kidogo. Ilitakiwa kukisia nani atagharimu fedha nyingi za matibabu, gharama ikachukuliwa ndiyo ugonjwa. Watu Weusi walikuwa wanatumiwa fedha kidogo hata pale wanapoumwa zaidi, hivyo wakaonekana wazima. Watafiti wakapiga hesabu: kasoro ile ikirekebishwa, Weusi kati ya wanaopewa msaada wa ziada wangepanda kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5.

Kwao fedha, kwetu mtumbwi.

Ninachosema ni hiki: jamii iitwe siku ile wanapokaa kuamua ni kitu gani mashine ikihesabu ndiyo itasema "huyu anahitaji msaada". Sisi tuliitwa siku ya fulana. Naomba kuwasilisha.

Kiti cha Mbele

Nimekaa paleee.

Injinia Mstaafu

Mleta uzi, heshima yako kwa kazi unayoifanya. Lakini tusidanganyane. Mkulima wa mpunga atachangia nini kwenye akili unde? Ndege inapoundwa abiria huitwa kiwandani? Haya mambo ya "shirikishi" ndiyo yanafanya kila kitu kiishie kwenye vikao. Wapeni wataalamu takwimu safi, kazi itaenda.

Mtunza Daftari

Mzee wangu shikamoo. Abiria haundi ndege, kweli. Ila kama uwanja una ng'ombe, wa kuulizwa ni mchungaji. Hatukuomba kuandika programu. Tungeulizwa swali moja tu, "nani hayumo kwenye hizi takwimu?", ningelijibu kwa dakika mbili na nauli nisingedai.

Halafu hizo "takwimu safi" tunaziandika sisi, kwa kalamu, saa kumi jioni, foleni ikiwa bado mlangoni.

Nesi wa Zamu

Niko Tanga. Mleta uzi umenigusa, ngoja nitoe la kwangu.

Kuna mradi ulitaka mama mjamzito au mwenye mtoto mchanga atume meseji kwa simu yoyote, hata kiswaswadu, mashine iisome na kuamua ipi ni ya haraka ipelekwe kwa nesi. Nikawa mmoja wa manesi wanne wa kukagua majibu kabla haijaanza kutumika. Siku ya kwanza ikaja meseji ya mfano iliyoandikwa na mama wa kweli: "Mtoto anaendesha tangu jana, macho yameingia ndani." Mashine ikaitupa kwenye kundi la mengineyo.

Tukaja kujua ilikuwa inageuza kila kitu kuwa Kiingereza kwanza ndipo ifikiri. Kwa hiyo kichwani mwake palikuwa na mtoto anayeendesha gari. Tulicheka hadi machozi, kisha mwenzetu akauliza, "Macho yameingia ndani je?" Kicheko kikakata. Mtoto anayeharisha na macho yameingia ndani ni wa kukimbizwa, si wa kuwekwa kwenye mengineyo.

Tukaanza kuichokoza. "Chupa imepasuka." Ikamshauri mama aangalie vioo asijikate. "Nina mimba ya miezi saba, naona siku zangu." Ikampongeza. Jamani! Mjamzito anatokwa damu anapongezwa.

Sasa yule fundi wa mradi akataka tumwandikie orodha ya maneno ya kitabibu kwa Kiswahili. Tukamwambia orodha ya kitabibu haitakusaidia, mama haandiki "uterasi", hata "mfuko wa uzazi" anaona aibu. Anaandika "huko chini". Anaandika "kifua" na hujui ni kikohozi, pumu au TB. "Homa" kwa mmoja ni joto la mwili, kwa mwingine ni malaria, kwa bibi yangu ni kutojisikia vizuri tu. Tukamshauri akakae benchi la kliniki asubuhi, na jioni twende kwa wakunga wa jadi. Akaenda, na hapo nampa maua yake, alikaa siku sita na daftari.

Kubwa zaidi lilikuwa degedege. Mashine ilikuwa inalitafsiri kuwa kifafa. Na ilipokuja kusahihishwa, jibu likawa: mpeleke hospitali haraka akachomwe sindano. Kitaalamu halina kosa. Mkunga mmoja mtu mzima akatikisa kichwa. Wapo wazazi wanaoamini mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa, na ndiyo maana wanaanzia kwa mganga. Ukiandika sindano kwenye sentensi ya kwanza umemfukuza mama. Yeye akasema, andikeni "mpeleke sasa hivi, njiani mpanguse kwa maji ya uvuguvugu, na mkifika mwambie nesi ni degedege". Sindano ataikuta hukohuko.

Ukimwita yule mkunga mtaalamu wa akili unde atakushangaa. Kwenye ripoti ya mradi sijaona alipotajwa. Alipewa soda.

Kiti cha Mbele

"Chupa imepasuka, usijikate" 😂😂 nimecheka halafu nimeogopa.

Kodi Bila Kulala

Mimi ni hao mafundi mnaowasema, kwa hiyo nijitetee kidogo na nikubali kidogo.

Kwa nini mashine haijui "anaendesha"? Kwa sababu Kiswahili kilichomo ndani yake kimetoka kwenye tovuti za habari, Biblia na nyaraka za serikali. Hakuna gazeti linaloandika mtoto ameendesha usiku kucha. Hayo maneno yako benchini kwa Nesi. Ndiyo maana wengine tunajitolea: Masakhane ni mtandao wa Waafrika wanaotengeneza zana za lugha zao wenyewe, na kwenye Common Voice ya Mozilla watu wamechangia sauti za Kiswahili kwa kusoma sentensi moja moja kwenye simu.

Mfano ninaoupenda lakini uko mbali, New Zealand. Kituo cha redio cha Wamaori, Te Hiku Media, mwaka 2018 kilitaka mashine itambue lugha yao. Kiliwaomba watu wake wenyewe wasome. Ndani ya siku 10 wakapata zaidi ya saa 300 za sauti kutoka kwa watu wapatao 2,500. Kampuni kubwa zilipotaka data ile, wakakataa. Leseni yao inasema data ni ya jamii, wao ni walinzi tu, na atakayeitumia lazima faida iwarudie Wamaori. Kwetu sauti tunatoa, bando tunanunua wenyewe, na ya baadaye hatuulizi.

Sasa utetezi. Injinia si wa kubezwa sana. Kuna wakati vikao ni kisingizio. Pale Mbeya na Morogoro kulikuwa na utafiti wa zana ya kishkwambi ya kumwongoza mhudumu anapotibu mtoto, ePOCT+. Matokeo yalitoka 2024: watoto walioandikiwa antibayotiki walikuwa asilimia 23.2 kwenye vituo vyenye zana, na 70.1 kwenye vituo vya kawaida, bila watoto kudhurika zaidi. Ile si mashine inayojifunza yenyewe, ni mwongozo uliopangwa na wataalamu hatua kwa hatua, mhudumu anaona kwa nini imefika pale ilipofika. Mara nyingi hicho kinatosha, lakini mfadhili anataka kusikia neno akili unde ndipo afungue pochi. Hili tunajuana wenyewe mafundini.

Na kuna Thailand. Google walikuwa na mashine ya kusoma picha za jicho kutafuta madhara ya kisukari, maabarani ikafanya vizuri mno. Wakaipeleka kwenye kliniki 11. Ripoti yao wenyewe ya 2020 inasema picha 1,838 zilipitishwa na asilimia 21 zikakataliwa na mashine kwa kuwa hazikuwa safi. Sababu? Vyumba havikuwa na giza la kutosha, taa haizimwi kwa sababu nesi ana wagonjwa wengine mlemle, intaneti inakatika. Mgonjwa aliyekataliwa anaambiwa aende kwa mtaalamu siku nyingine, na siku hiyo ni ya shamba. Nesi yeyote wa pale angewaambia kabla.

Swali ninalowarudishia: nani aamue kizingiti, yaani alama ambayo mtu akiifikisha anahesabiwa wa kufuatiliwa? Chukua mashine za kusoma picha za kifua kutafuta TB, ambazo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza 2021 zitumike kwa wenye miaka 15 na zaidi. Mashine haisemi ana au hana, inatoa alama. Ukiweka kizingiti chini unawapeleka wengi wakapime makohozi bure. Ukikiweka juu unawaacha wagonjwa warudi nyumbani wakakohoe na watoto. Hilo si swali la kuandika programu. Lakini mimi ndiye huwa naachiwa nijaze ile namba, saa sita usiku.

Pwani Si Mbali

Hujambo wenzangu, nawasoma kutoka Mombasa. Huku kwetu wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya laki moja walizinduliwa Septemba 2023 wakapewa simu, kwa hiyo hadithi ya mleta uzi inakuja kwetu kama haijafika.

Niongeze mawili. Mwaka 2025 kliniki 15 za Penda, Nairobi, zilitoa matokeo ya msaidizi wa akili unde anayemulika rangi ya kijani, manjano au nyekundu wakati mtabibu anaandika. Ziara 39,849. Makosa ya kutambua ugonjwa yalipungua kwa asilimia 16, ya matibabu 13. Lakini mwanzoni watabibu walikuwa wanaipita tu ile nyekundu ya hatari. Kilichobadilisha mambo ni wenzao wa palepale kliniki kukaa nao, kuwaonyesha na kufuatilia. Programu peke yake haikutosha.

La pili ni Worldcoin, mradi wa sarafu ya kidijitali, 2023. Watu walipanga foleni kwenye ukumbi wa mikutano wa KICC, Nairobi, wapigwe picha ya jicho kwa sarafu za thamani ya kama shilingi elfu saba. Serikali ikasimamisha mwezi Agosti, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru zile data zifutwe. Binamu yangu alipiga foleni. Nikamuuliza ulisaini nini, akasema, "Nilisaini elfu saba." Tangu hapo mtu akija mtaani na kishkwambi, hata cha chanjo, anaulizwa kwanza analipa ngapi. Hiyo imani imeshaharibiwa na wengine, ninyi wa afya mnaikuta imevunjika.

Baridi Kali

Niko Minneapolis, msaidizi wa nesi. Mnakijua kile kifaa cha kubana kidoleni kupima oksijeni? Utafiti wa 2020 hapa Marekani ulikuta kwamba kifaa kikisoma asilimia 92 hadi 96, yaani pazuri, wagonjwa Weusi 11.7 kati ya 100 oksijeni halisi ya damu yao ilikuwa chini ya asilimia 88. Weupe ni 3.6. Rangi ya ngozi inakichanganya kifaa. Ukichukua namba za kifaa hicho ukaifundishia mashine, imeshajifunza uongo na itausema kwa sauti ya utaalamu. Jamaa wa huku wanajua, sasa nikimbana mzee wa Kisomali na anahema huku namba nzuri, naita daktari.

Mama Kivu

Bukavu hapa. Mnasema kuuliza jamii. Wakati wa Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, 2018 hadi 2020, watu 3,470 waliugua na 2,287 wakafa, na chanjo ilikuwepo. Magari yalikuja mengi, na askari nyuma. Watu wakauliza: malaria inatuua kila siku, vita inatuua, mbona hamkuja na magari? Hawakujibiwa, nao wakakimbia timu. Leo mnaniambia mashine itakisia ugonjwa utatokea wapi. Itakisia. Nani atafungua mlango?

Na Kiswahili chake kiwe cha kwetu pia. Mama wa huku haendi hospitali, anaenda lopitali.

Mfugaji Msomi

Nimesoma wote nikanyamaza, sasa niseme. Mleta uzi, unasema "jamii". Jamii gani? Mimi ni mfugaji, niko bonde hilohilo lako, jina la kijiji sitalitaja. Kikao cha kijiji kikiitwa sisi hatuitwi. Tukiitwa tunaambiwa tukae nyuma. Leo ukimuuliza mkulima ambaye ng'ombe wangu waliingia shambani kwake kwamba mashine imwangalie nani kwanza, atakutajia mke wangu? Mashine ya mzungu inanisahau kwa sababu haijui nipo. Kijiji kinanisahau kikijua.

Kiti cha Mbele

Hapo sasa.

Injinia Mstaafu

Hilo ndilo nililokuwa nataka kulisema, ila kijana kalisema vizuri kuliko mimi.

Mtunza Daftari

Mfugaji, umenipiga penyewe. Nikiri: kikao cha kwanza hapakuwa na mfugaji hata mmoja. Mjumbe alisema "hao hawakai", nami nikaandika "hawakai" kwenye daftari bila kubisha. Mashine haikunifundisha hilo, nilikuwa nalo.

Nieleze tulichofanya baada ya hapo, maana kuna aliyeniuliza inboksi. Kikao cha pamoja tulikiacha. Ukiweka mwenyekiti, mtendaji na diwani kwenye meza, wengine wanakuja kupiga makofi na kusubiri posho. Tulikaa na kina mama peke yao, chini ya mwembe, bila kishkwambi. Tukachora kitongoji chini kwa majivu: mto, njia, zahanati, miti mikubwa. Kila mama akapewa punje za mahindi. Punje moja kwa kila mtoto aliyezaliwa masika iliyopita nje ya zahanati, uiweke alipozaliwa. Wa kwanza aliona aibu. Wa pili akaweka mbili. Mwisho punje za ng'ambo zilijaa kiganja changu, na kwenye kitabu cha zahanati kwa miezi ileile wa ng'ambo unawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Mama mmoja aliweka punje katikati ya mto. Hatukumuuliza, tukaendelea.

Yule kijana wa mradi alipiga picha lile jivu. Wiki mbili baadaye akarudi na mambo matatu. Wameongeza swali la miezi mingapi kwa mwaka kaya haifiki zahanati. Kaya ambayo haina taarifa zozote haihesabiwi salama tena, inapanda juu na alama ya "haijulikani". Na mimi nina kitufe cha kupinga orodha na kuandika sababu. Jambo la nne tuliloliomba, kwamba tukisema simamisha mashine isimame kijijini kwetu, amesema litapelekwa kwa wakubwa. Bado liko kwa wakubwa.

Na msidhani sheria haipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu Mei 2023, na taarifa za afya zimo kwenye zile nyeti. Nilipowauliza wenzangu kata nzima nani anajua mwenye taarifa anaruhusiwa kukataa zisichukuliwe, aliinua mkono mmoja, na alikuwa anaomba kwenda chooni.

Mfugaji, nitumie namba yako inboksi. Boma lenu naomba nilifikie kwa njia yako, si ya mjumbe. Na mkeo akikubali tuje na majivu hukohuko.

Mfugaji Msomi

Njoo. Majivu yapo mengi, mahindi uje nayo. Usije na fulana.

Nesi wa Zamu

😂 Mtunza Daftari, na hicho kishkwambi unavuka nacho vipi? Mtumbwi ukicheza je?

Mtunza Daftari

Dada, kinakaa ndani ya ndoo ndogo ya rangi yenye mfuniko, nimeifunga kwa mpira wa baiskeli. Daftari naliweka kifuani. Kesho navuka saa moja asubuhi, maji yameanza kushuka. Kule wa kwanza ni yule bibi. Mashine safari hii imemweka namba mbili, mimi nimemweka moja.